Aliyeifuta Bendi ya Mtoto wa Kaka Yake

Jumanne iliyopita nilikuwa Ubungo, nimekaa kwenye benchi la fundi pancha nikisubiri tairi langu, simu ikaita. Mpigaji alikuwa msichana mmoja ninayemfahamu, mwimbaji wa bendi ya roki, ambaye kwa kawaida huanza kuongea kabla hujasema haloo. Safari hii alinisubiri niseme haloo. Kisha akasema, "Anko, ami ameondoka." Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi, maana akili ya mtu hukimbilia kwanza safari nyingine zote. "Amefariki, anko. Asubuhi, dukani kwake. Anazikwa baada ya swala ya alasiri." Nikamwachia fundi ufunguo wa gari, nikapanda bodaboda hadi Temeke.

Ami ndivyo wanavyomwita nyumbani kwao ndugu wa kiume wa baba. Ni familia ya asili ya Uarabuni iliyokaa mjini hapa vizazi kadhaa, na marehemu alikuwa na duka la mabomba na matangi ya maji kule Tandika. Makaburini nilisimama nyuma, nikasikiliza watu wakimweleza. Mfanyabiashara mwaminifu, alisema mmoja. Mcheshi, alisema mwingine. Mtu wa swala ya alfajiri, akaongeza wa tatu. Yote kweli tupu. Hakuna aliyesema kwamba mtu tuliyekuwa tukimfukia alikuwa, kwa miaka mingi, mmoja wa wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili, ile ambayo yeyote anaweza kuifungua kwenye simu, akaisoma na hata kuiandikia. Hakuna aliyesema kwamba ameandika juu ya kata za mji huu, samaki wa Kunduchi na miti ya barabarani ambayo sisi wengine tunaegesha tu magari chini yake. Wala hakuna aliyekumbusha kwamba kwa msimu mmoja mzima wa masika alikuwa mtu aliyetukanwa kuliko wote na vijana wapenda muziki wa Dar es Salaam, kwa sababu aliifuta bendi ya mtoto wa kaka yake. Nayasema mimi hapa, kwa kuwa sitaki rafiki yangu azikwe nusu. Sitamtaja jina, kama ilivyo desturi ya safu hii. Na bendi nayo sitaitaja, ili makala ya mtu mwenye majonzi isije ikageuzwa ushahidi wa jambo lolote.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Nilikuwa nimeandika hapa kuhusu bendi moja ya dansi ya zamani, nikasema ilianzia Kinondoni. Siku chache baadaye nikaingia dukani kwake kutafuta koki ya jikoni. Akanitazama usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kuuza koki. "Wewe ndo unayeandikaga Jumapili?" Nikakubali, nikajiandaa kupokea sifa. "Ile bendi uliyosema ilianzia Kinondoni, nani kakwambia?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniambia, nilikuwepo, nilikuwa nikicheza pale. "Basi ungeandika kuwa ulikuwepo. Sie wasomaji tutajuaje? Ulivyoandika, utadhani umeteremshiwa toka mbinguni." Nilitoka bila koki. Nilirudi wiki iliyofuata, kwanza kwa sababu bomba bado lilikuwa linavuja, na pili kwa sababu nilikuwa nimepata majibu mazuri ya kumpa, ambayo hata hivyo hakuyakubali. Urafiki wetu wote ulikwenda hivyo. Kompyuta yake ndogo ilikaa kwenye kaunta kati ya gundi ya mabomba na birika la kahawa, na kati ya mteja mmoja na mwingine aliandika aya, akarekebisha ya mtu, akabishana na mtu wa Mombasa asiyemjua sura.

Kabla hamjamwona kuwa mtu wa kufuta tu, naomba niwaeleze jinsi alivyoanza. Alizaliwa Kipawa. Siku moja, akiwa hana mteja, aliitafuta Kipawa kwenye kamusi ile na kukuta sentensi kavu inayosema ni jina la kata. Akakaa chini akaandika kila alichokijua: uwanja wa mpira wa utotoni, mzee muuza halua, ndege zilizokuwa zikipita juu ya paa zikitikisa vikombe vya mama yake kabatini. Kesho yake vyote vilikuwa vimeondolewa, na maneno mafupi yameachwa: hakuna vyanzo. "Nilitaka kuipasua hii kompyuta," aliniambia. "Mie nimezaliwa pale! Halafu mtu asiyejua hata Kipawa iko upande gani wa mji ananiambia Kipawa yangu haina ushahidi." Aliandika tusi, akalifuta mwenyewe. Kisha akaanza kuzunguka kwa wauza vitabu vya zamani na maktaba, akitafuta chochote kilichochapishwa kuhusu kitongoji chake, na taratibu akaijenga upya Kipawa, kila sentensi na mahali ilipotoka. Vikombe vya mama yake havikurudi, kwa sababu hapakuwa na kitabu kilichowahi kuviandika. Nilimuuliza kama bado vinamuuma. Akasema, "Sana," akamgeukia mteja aliyetaka elbo za kuungia mabomba, za nusu inchi.

Sasa kuhusu bendi. Ni vijana wanne. Mwimbaji ndiye huyo msichana, binti wa kaka mkubwa wa marehemu. Mpiga dramu amefunzwa kanisani Mbagala, baba yake ni karani aliyehamia kutoka Songea. Wapiga magitaa wawili ni watoto wa mwalimu mmoja wa Kimara, na mazoezi yote hufanyika nyuma ya nyumba ya huyo mwalimu, kwenye banda la kuku lisilo na kuku. Wanapiga roki kwa Kiswahili. Magitaa yananguruma, na juu yake binti yule anaimba kuhusu wenye nyumba, kuhusu usaili wa kazi ambayo mtu wake alishapatikana zamani, kuhusu wanaume wanaowaamuru wasichana watabasamu. Katika mji wa singeli na bongo fleva, ukisema unapiga roki watu hukuuliza kama umepotea au umerogwa. Lakini walikuwa na mashabiki wao, wachache na wakali, na mmoja wa hao akawaandikia ukurasa kwenye kamusi elezo. Uliwaita bendi bora kabisa Afrika Mashariki. Uthibitisho wake ulikuwa maneno ya bendi yenyewe na video alizopiga shabiki huyohuyo kwa simu.

Marehemu aliuona asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto. Akapendekeza ufutwe. Sababu aliyoweka ilikuwa fupi: hakuna mtu yeyote nje ya bendi na marafiki zake aliyewahi kuandika habari zao. Chini yake akaongeza maneno ambayo bado nayakumbuka: "Mwimbaji ni mtoto wa kaka yangu. Msiihesabu kura yangu, itazameni hoja." Wahariri wenzake wakaitazama hoja, wakakubaliana nayo, ukurasa ukaondoka. Ndipo matusi yalipomiminika. Aliitwa msaliti, mzee mwenye wivu, adui wa vijana. Duka lake likajulikana. Mtu akabandika karatasi mlangoni iliyoandikwa "Duka la Mfutaji," na yeye akaiacha hapohapo mpaka mvua ilipoiondoa. Wateja wakawa wanamuuliza kama siku hizi anauza na raba za kufutia.

Kaka yake hakucheka. Alikwenda dukani, akasimama katikati ya matangi, hakutaka kiti. Marehemu alinisimulia mazungumzo yale mara nyingi, na kila mara alianza na salamu.

"Nikamwambia, kaka, shikamoo. Hakuitikia. Akasema, mwanangu analia chumbani, na wewe umekaa hapa unauza koki. Ungenyamaza tu, ungekufa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nisingekufa. Ila ningekuwa nimemuingiza mtoto wetu kwa mlango wa nyuma kwa vile ni wetu. Kesho aje mtu wa Mwananyamala na mtoto wake, nimwambie nini? Akaniambia, kwani mtu wa Mwananyamala ndiye atakayekuzika?"

Binti naye, aliyekuwa akila chakula cha mchana kwa ami yake kila Ijumaa tangu mdogo, akaacha kwenda. Sahani yake iliendelea kuwekwa mezani. Na kama kwamba hayo hayakutosha, muumini mmoja akamfuata nje ya msikiti kumpongeza: binti yenu anapiga muziki wa mashetani, umefanya vema kumfuta. Wanaosema marehemu alikuwa mpole hawakumwona siku ile. "Mie nimefuta makala, sikumfuta mtoto!" alimwambia, watu wote wakageuka. "Muziki wake niachie mie na baba yake. Ukitaka kuusema, kausikilize kwanza."

Mimi nilikuwa upande wa vijana, na sikumficha. Nilikwenda dukani na hasira zangu, nikamwambia kanuni anayoitetea imetungwa na watu wa miji ambayo kila mtaa una jarida la muziki. Huko, bendi ikipiga mbele ya watu kumi kwenye kibanda cha pombe, wiki hiyohiyo kuna anayeandika, na kesho wana ukurasa. Huku kwetu mtu anaweza kuujaza uwanja wa Mbagala asiandikwe popote, kwa sababu kurasa za burudani zinamsubiri staa aachane na mkewe. Sasa ukichukua mizani ile ukawapimia watoto wa Temeke, nikamwambia, umeshawahukumu kabla hawajazaliwa. Alinisikiliza huku akikizungusha kikombe. Nilipomaliza akauliza taratibu, "Hayo magazeti yasiyowaandika, ni ya nani? Mie nauza mabomba, bwana. Wewe ndo mwandishi. Kwani umeshawasikia wakipiga?"

"Siendi kusikiliza bendi ili niwe uthibitisho wako," nilimwambia.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Usiende kwa ajili yangu. Nenda kwa ajili ya masikio yako. Wakiwa wabovu, andika ni wabovu. Na mie nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kwenye uwanja wa nyuma wa baa moja Kinondoni. Alikuja na kanzu na kofia yake, akaagiza soda ya tangawizi, akasimama karibu na ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa. Bendi ikapiga wimbo wa kwanza, ikapiga wa pili. Meza za nyuma zikaanza kupiga kelele zikitaka singeli, na msimamizi wa baa, bila kumuuliza mtu, akazima mashine ya sauti. Magitaa yakafa. Dramu haikufa, na binti naye hakuacha kuimba. Alisogea mbele akaendelea kwa koo lake tu, watu wakimcheka, mishipa ya shingo imemsimama.

Marehemu aliweka chupa chini, akatembea hadi kaunta. Nikamfuata nikidhani anaondoka.

"Kijana, washa."

"Shikamoo mzee. Wateja wanataka singeli."

"Marahaba. Na mie ni mteja. Nimekuja kuwasikiliza hawa, na sijamaliza."

Mtu mmoja kwenye meza ya jirani akamtambua. "Oya, si ndo huyu mzee aliyewafuta?" Kicheko kikapasuka. Marehemu akamgeukia kwa adabu zote. "Ndo mie. Nimewafuta, na nataka kuwasikia. Washa, kijana." Hakusubiri jibu. Alinyanyua kiti cha plastiki, akakibeba hadi mbele kabisa, akakaa akiipa mgongo baa nzima. Nikabeba changu nikakaa kando yake. Akaja dada mmoja na kiti chake, kisha vijana wawili, kisha meza nzima, na hatimaye msimamizi, ambaye nadhani alichoka tu kutazamwa, akawasha.

Binti akashika kipaza sauti, akatazama chini pale tulipokaa. "Jamani, huyu mzee aliyekaa hapa mbele ni ami yangu," alisema. "Ndiye aliyetufuta. Mpigieni makofi." Makofi yakapigwa, na miluzi, na maneno mengine ambayo gazeti hili haliyachapi. Marehemu akasimama, akainua mkono kama mgombea, akakaa. Wimbo uliofuata, wa mwenye nyumba anayebadilisha kitasa mpangaji akiwa kazini, binti aliuimba wote akiwa amemnyooshea ami yake kidole. Kelele zilikuwa kubwa mno kwake, niliona akiminya sikio moja kwa kiganja, lakini hakunyanyuka hadi mwisho. Walipomaliza binti akashuka, akanisalimia mimi, kisha akasimama mbele yake.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mpiga dramu wako anakimbiza mapigo."

"Najua," alisema, akaenda zake. Ijumaa ile hakwenda kula. Ijumaa iliyofuata alikwenda, na kwa mujibu wa marehemu walikula, halafu wakabishana mpaka magharibi.

Niliandika nilichokisikia, wengine mtakumbuka. Niliandika kwamba binti yule ana sauti inayoweza kumsimamisha mtu barabarani, kwamba mashairi yao mengine ni mazuri na mengine yameandikwa kwa haraka, na kwamba dramu inakimbia. Nilimpigia marehemu siku ilipotoka, nikamuuliza, "Haya, ukurasa urudi?" Akasema, "Makala moja haitoshi, mwandishi. Halafu wewe ni rafiki yangu." Nilimkatia simu. Mwezi mzima wa Ramadhani hatukuzungumza, hadi Idi alipokuja mwenyewe mlangoni kwangu na sinia la biriani, na kabla sijamkaribisha akawa ameshaanza kuniambia kosa aliloliona kwenye safu ya wiki iliyopita.

Mambo yakaanza kusogea. Redio moja iliwapa bendi saa nzima hewani. Mwandishi wa gazeti jingine, ambaye simjui wala hanijui, aliwafuata hadi kwenye banda la kuku. Marehemu alifuatilia kila kimoja, lakini alishatangaza kwamba siku ukurasa utakaporudi, yeye hatapiga kura, kwa kuwa damu ni damu. Hakuiona siku hiyo. Jumanne asubuhi alimwomba muuza kahawa wa jirani amsogezee kiti, akakaa, na hakuinuka tena. Moyo, walisema hospitali.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa kaka yake, Kipawa, kwenye hitima. Kaka mtu alinipokea, akanishika mkono asiuachie, akasema tu, "Tulikuwa tunagombana kila siku." Nje, pembeni ya turubai, nikawakuta vijana wote wanne wameinamia simu moja. Usiku uliopita mashabiki walikuwa wameurudisha ukurasa ule wa zamani, neno kwa neno, pamoja na ile bendi bora kabisa Afrika Mashariki.

Mpiga dramu alisema, kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba, "Sista, tuuache tu. Mzee hayupo tena. Nani atatuzuia?"

"Mie," alisema binti.

Wenzake wakamtazama. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Akiwa hai tulishindwa kwa hoja. Leo hawezi kujibu, ndo turudi? Tutakuwa tumemshinda nani?" Akachukua simu, na mbele yetu akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba yeye ndiye mwimbaji wa bendi, na kwamba anaomba makala hiyo iondolewe. Matusi hayakuchelewa. Wakamwita msaliti, mtumwa wa ukoo. Alitusomea moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona akicheka. Nilijaribu kubishana naye. Nikamwambia sasa wana redio, wana magazeti mawili, pengine wanastahili. "Pengine," alinijibu. "Basi aandike mtu asiyetupenda."

Na mimi bado nasema marehemu alikosea, na nilimwambia hivyo akiwa hai. Kanuni inayotaka kila kitu kiwe kimechapishwa kwanza inawaonea watu ambao hakuna aliyejisumbua kuwachapisha, na vikombe vya mama yake ni ushahidi wangu. Hilo sitalirudisha nyuma kwa sababu ya kaburi. Lakini alikuwa sahihi kwamba dawa yake haitapatikana kwa kuwabembeleza wahariri wafumbe macho. Sisi tunaoshika kalamu katika mji huu tunapaswa kutoka ofisini, twende Mbagala, Kimara na Kunduchi, tukasikilize, na tuandike kwa haki hata kama kinachosikika hakitupendezi. Tusipofanya hivyo, tusimlaumu muuza mabomba kwa ukurasa uliofutwa.

Na ninyi vijana mnaosubiri kutajwa mahali fulani ndipo mjione mpo, jifunzeni kwa binti huyu. Amepewa nafasi ya kuingia wakati mlinda mlango amelala mauti, akaikataa kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akawaambia wenzake mazoezi yanaendelea wiki ijayo. Hawana ukurasa. Wana nyimbo mpya, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watapiga Kunduchi. Jina linaloombewa huruma halidumu. Piga muziki wako, na atakayekuja kukuandika akukute tayari unapiga.